Acheni Kumuuliza Mathe Alitoa Wapi Mtoto Mweupe

Kuna swali moja mathe ameulizwa kwa miaka 16 sasa, na kila mara linakuja limebadilisha nguo tu. Mama mboga huliuliza akicheka: "Kwani huyu ulimtoa wapi?" Majirani wa plotini huliuliza kwa kuzunguka: "Na kwenu kuna wengine?" Watu wa upande wa buda hawakuzunguka hata kidogo. Mtoto akiwa na siku chache tu duniani, walitaka kujua ni mzungu gani alikuwa anafanya kazi karibu na hapo. Mzungu! Wasee, mtaani kwetu mzungu pekee alikuwa yule wa kwenye kalenda ya ukutani, na hata hiyo kalenda ilikuwa ya mwaka uliopita.

Bro yangu mdogo ana ualbino. Mimi sina. Mathe hana, buda hana, babu na nyanya wa pande zote mbili hawana. Kwa watu wengi hapo kesi imekwisha: kama baba hana na mama hana, basi mama ana maelezo ya kutoa. Sijawahi kuskia hata siku moja buda akiulizwa maelezo. Hakuondoka, na hilo nampa heshima yake, kwa sababu wengi huondoka. Lakini alinyamaza. Dada zake waliongea, yeye akaangalia viatu vyake, na mwanaume akinyamaza kwenye kikao cha ukoo ni kama ametia sahihi.

Leo nataka tuongee sayansi. Najua wengine wenu mliachana na bayolojia siku mliyofunga kitabu cha kidato cha nne. Hakuna noma, nitaenda polepole. Nimeisoma hii kitu miezi kadhaa kwa sababu nilichoka kujibu kwa hasira, na hasira haijawahi kumshinda shangazi wa mtu.

Anza na hili: ngozi ya bro ina seli za kutengeneza rangi, karibu kwa idadi ile ile niliyo nayo mimi. Hazikupotea. Ndani ya kila seli kuna vijifuko vidogo sana vinavyoitwa melanosomu, na humo ndimo hupikwa melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu wa kila aina. Mpishi wake ni kimeng'enya kinachoitwa tairosinesi. Bro ana mpishi huyo, mzima kabisa. Shida ni kwamba mpishi ana maringo: mahali penye asidi nyingi hafanyi kazi inavyofaa, na kijifuko kikiwa bado kichanga huwa na asidi.

Kwa hivyo ukuta wa kijifuko unahitaji kitu cha kuituliza hiyo asidi. Hapo ndipo inaingia protini ambayo nimekuja kuisimulia. Imeshonwa kwenye utando wenyewe wa kijifuko, ikipita kutoka upande huu hadi ule mara 12 kama uzi wa fundi wa nguo, na kazi yake ni kupitisha kloridi. Kloridi ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye chumvi ya jikoni, imeshikana na sodiamu. Kloridi ikipita, asidi inashuka na mpishi anaamka. Protini hii inaitwa protini P, na jina lenyewe lilitoka kwa panya wa maabara wenye macho ya waridi, maana wanasayansi walianza kuifuata kwa panya kabla ya kuifuata kwa watu. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye jeni inayoitwa OCA2, kwenye kromosomu ya 15.

Fikiria kibanda cha chapo. Unga upo, mafuta yapo, jiko limewaka, na mama chapo anaijua kazi yake. Lakini dirisha limekwama na moshi umejaa ndani. Atapika, ndio, lakini moja moja, machozi yakimtoka. Ndiyo maana bro si mweupe kama karatasi. Nywele zake ni za manjano kama ndevu za mahindi, na ana madoadoa ya hudhurungi usoni na mikononi. Rangi kidogo ilipikwa. Kuna aina nyingine ya ualbino, OCA1, ambapo shida iko kwa mpishi mwenyewe, na mwenye aina hiyo anaweza kukosa melanini kabisa. Bro hajawahi kupimwa jeni, lakini daktari wa ngozi aliangalia hizo nywele na hayo madoadoa akasema dalili zinaelekea OCA2, na ndiyo aina inayopatikana zaidi kwa watu weusi wa Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa miaka mingi kazi ya hili dirisha ilikuwa ya kukisia. Halafu 2014 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Brown, wakapima umeme unaopita kwenye utando wa vijifuko hivi. Manze, hebu waza kwanza udogo wake: kijifuko kilicho ndani ya seli, na mtu anakigusa na sindano ya kioo. Wakaona kwamba OCA2 ikiwepo, mkondo wa kloridi unapita na asidi inapungua. Wakajaribu badiliko moja la jeni ambalo tayari lilijulikana kwa watu wenye ualbino, na mkondo ukashuka vibaya sana. Nilisoma hiyo sehemu mara tatu. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunaambiwa ni laana ya ukoo, na kumbe mtu anaweza kuipima kwa mashine ya umeme.

Sasa turudi kwa kesi ya mathe. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya OCA2, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala moja nzima inatosha kutengeneza madirisha ya kutosha. Ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, wewe ni mweusi kama wenzako, jua halikusumbui kuliko wengine, na hakuna kioo kitakachokuonyesha kitu. Unaitwa mbebaji. Ili azaliwe mtoto kama bro, lazima zikutane nakala mbili mbovu, moja ya mathe na moja ya buda. Hakuna njia ambayo mathe angeleta hii kitu peke yake, hata angetaka. Na ile hadithi ya mzungu haisimami hata kwa macho ya kawaida. Mtoto wa mama mweusi na baba mzungu huwa na rangi ya katikati, nyote mnawajua. Hazaliwi na ngozi inayoungua baada ya dakika chache za jua la saa sita.

Na hapa ndipo napapenda zaidi. Mwaka 1994 wanasayansi walieleza kosa moja maalum kwenye jeni hii: kipande cha karibu herufi 2,700 za DNA kimefutika, na maelekezo yanaruka sehemu nzima. Si kosa linalozuka upya kila mara mtoto anapozaliwa. Walilikuta kwa watu wa sehemu mbalimbali za Afrika, likiwa limezungukwa na DNA inayofanana, kwa hivyo wakaona limetoka kwa chanzo kimoja cha zamani sana, hapa hapa barani, kabla Wabantu hawajasambaa. Tanzania na Afrika Kusini, takriban robo tatu ya nakala mbovu za OCA2 zilizochunguzwa kwa watu weusi zilikuwa na futo hilo hilo moja. Kwa hivyo kuna mtu mmoja, mahali fulani, zamani kabla ya mipaka na kabla ya makabila tunayopigania kila miaka mitano, ambaye jeni yake iliruka herufi. Hakujua. Alikula, akaoa au akaolewa, akazaa, na herufi zake zilizofutika zikatembea na watu, kijiji kwa kijiji, hadi kwa mathe na buda waliokutana kwa harusi ya jirani.

Halafu mtu anamwita bro "mzungu". Kama dalili zake zinasema kweli, huenda kijana huyo amebeba, mara mbili, moja ya alama za Kiafrika kuliko zote zilizo ndani ya nyumba yetu.

Na mkitaka kucheka zaidi, jeni hiyo hiyo ndiyo iliyo nyuma ya macho ya bluu ya Wazungu. Mwaka 2008 watafiti wa Copenhagen walionyesha kwamba badiliko dogo kwenye jeni jirani, HERC2, linapunguza kazi ya OCA2 kwenye mboni, na macho yanakuwa bluu. Huko dirisha limeregezwa tu, na watu wanaitwa warembo, wanaandikiwa nyimbo.

Tufanye hesabu ya mat. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu watu wenye ualbino, na ilipata 9,729. Tulikuwa milioni 47.5, kwa hivyo ni kama mtu mmoja kwa kila 4,900. Mimi naona wako wengine ambao hawakutolewa nje siku karani alipobisha, lakini tutumie tu namba ya serikali. Tukichukulia wote ni wa jeni moja, hesabu ya kawaida ya urithi inatoa mbebaji mmoja kwa kila watu 35 hivi. Panda mat ya abiria 33 ikiwa imejaa, ongeza dereva na konda. Hapo, kwa wastani, kuna mmoja. Kwa nchi nzima ni zaidi ya watu milioni moja. Tanzania, ambako utafiti wa zamani ulikadiria mtu mmoja kwa kila 1,400, hesabu hiyo hiyo inatoa mbebaji mmoja kwa kila 19. Milioni moja wamebeba na hawajui, na wengine wao ndio wanaouliza mathe maswali.

Sasa kwa nini niko na moto hivi mwaka huu. Mwaka huu ninaolewa. Familia ya mchumba wangu ilikuwa inajipanga kuja nyumbani, na shangazi yake akanipigia simu kabla. Ni mama mstaarabu, wa sauti ya chini, na huwa hana maneno mengi. Akaniambia: "Mwanangu, mimi sina ubaya na kakako, ni kijana mzuri. Nauliza tu kama mzazi. Hiyo kitu ni ya kwenu?"

Nikamwambia: "Ndio shangazi, ni ya kwetu. Lakini huenda pia ni ya kwenu."

Akanyamaza hadi nikaangalia simu kama imekatika.

Hakuwa ananitukana, nataka mlielewe hilo. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa unampa namba zote, hata zile zisizokupendeza. Kwa hivyo nikampa. Chora visanduku vinne, kwa sababu mathe anaweza kutoa nakala nzima au mbovu, na buda vile vile. Kisanduku kimoja ni mtoto asiye na nakala mbovu hata moja. Viwili ni wabebaji. Kimoja ni bro. Mimi sina ualbino, kwa hivyo kile cha bro kifute. Vimebaki vitatu, na viwili kati ya hivyo ni vya wabebaji. Uwezekano wa mimi kuwa mbebaji ni theluthi mbili. Siufichi.

Sasa mchumba. Kwao hakuna mtu anayejulikana kuwa na ualbino, kwa hivyo mpe ile moja kwa 35 ya Mkenya yeyote. Hata sisi wawili tukiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Zidisha zote: inakuja moja kwa 210. Kwa ndoa ya Wakenya wawili wowote ni moja kwa 4,900 hivi. Yangu iko juu, mara 23, siwezi kumdanganya mama wa watu. Lakini pia ni moja kwa 210, na kama mchumba hana nakala mbovu basi ni kama hakuna, hata mimi niwe nimebeba vipi. Nusu ya swali liko kwao. Shangazi alikuja na swali akidhani lina mlango mmoja, wa kwetu.

Bro alikuwa kwenye kochi wakati naongea, simu yake imekaribia kugusa pua kama kawaida yake. Nilipomaliza akaniuliza: "Sasa hiyo moja, ya mia mbili na kumi, ndio mimi?"

Nikamwambia ndio.

"Waambie hiyo moja inakula chapo nne."

Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kwa sababu ukiongea habari za "uwezekano" na "hatari" kwa muda mrefu, unasahau kwamba unamwongelea mtu aliye kwenye kochi, na yeye anaskia. Maneno ya hospitali ndivyo yalivyo. Hata neno "mbovu" nililotumia hapa juu mara nyingi hivyo, nimelitumia kwa sababu ya nakala ya jeni, na bado halikai vizuri mdomoni.

Ile karatasi ya visanduku nilimwonyesha mathe. Aliiangalia kwa muda, akiweka kidole kwenye kila kisanduku. Akasema: "Kwa hivyo nusu ni ya baba yenu." Nusu kamili, nikamwambia. Hakulia, na hakufanya vile mnavyoona kwenye filamu. Aliikunja akaiweka kabatini, kwenye ile bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Buda aliporudi akaitoa tena, na buda akavaa miwani, akaisoma yote, akauliza kama chakula kiko tayari. Nikadhani imeishia hapo. Siku mbili baadaye alimpigia dada yake mkubwa akiwa ndani ya chumba, na nilimskia akisema "hata mimi", mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi, kwa sababu huyo shangazi haskii vizuri upande mmoja.

Lakini wacha niseme ukweli, mambo ya nani alileta yanakula muda ambao ungefaa kwenda kwa vitu vingine. Kitu kinachomsumbua bro kila siku ni macho. Watu wengi wanadhani ualbino ni ngozi peke yake. Mtoto akiwa tumboni, melanini inahusika na vile jicho linavyojijenga, na ikikosekana, ile sehemu ya katikati ya retina, ya kuonea vitu vidogo, haikomai. Neva za kutoka machoni nazo zinavuka kwenda upande wa pili wa ubongo kuliko kawaida. Miwani inasaidia lakini hairudishi yote. Na macho yanatikisika, kulia kushoto, bila yeye kutaka. Shule moja aliyosoma, mwalimu alikuwa anamwadhibu kwa "kuchezesha macho" darasani. Mwalimu mwingine, shule hiyo hiyo, hakuwa na mafunzo yoyote ya maana; alimwambia tu: "Ukishindwa kuona, inuka uje mpaka ubaoni, usiniombe ruhusa." Alama zake za hesabu zilipanda muhula huo huo. Kuna karatasi za mitihani za maandishi makubwa kwa wanaozihitaji, lakini shule ndiyo humsajili mtahiniwa, na yake ilisahau. Alifanya mtihani na karatasi imegusa kope.

Mnajua ninachokaribia kuandika hapa: kwamba Goldalyn Kakuya aliongoza KCPE ya 2017 nchi nzima na alama 455, kwamba Jaji Mumbi Ngugi anakaa Mahakama ya Rufaa, na wote wana ualbino. Ni kweli, na nawapenda. Lakini nimechoka vile majina yao hutumika kama kitambulisho, kana kwamba usipokuwa namba moja Kenya nzima hujapata kibali cha kukaa kwenye mat bila kuangaliwa. Bro ni mwanafunzi wa katikati. Anapenda mpira na uvivu. Anataka kuona ubao.

Halafu kuna jua. Bila melanini hakuna mwavuli wa ndani ya ngozi, na saratani ya ngozi, hasa kichwani, usoni na shingoni, ndiyo inayowamaliza wengi wenye ualbino Afrika wakiwa bado vijana. Mtu hafi kwa OCA2. Anakufa kwa kidonda cha sikio kilichochelewa kuonwa na daktari, na kwa kofia iliyokatazwa kwa sababu si sehemu ya sare. Serikali hutoa losheni ya kujikinga na jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ni kitu cha maana sana, kwa sababu dukani tyubu moja inaweza kumaliza pesa ya mboga ya wiki nzima. Kama una ndugu mwenye ualbino na hajasajiliwa, anza hapo. Halafu mwangalie mgongoni mwa masikio, mahali yeye mwenyewe hawezi kujiona. Mimi humwangalia bro kila Jumapili, na kila Jumapili analalamika.

Kuna konda mmoja wa laini yetu alikuwa akimwona bro anaita "pesa!" na abiria wanacheka. Utani tu, eti. Agosti 2010, mahakama ya Mwanza, Tanzania, ilimfunga Mkenya mmoja miaka 17 kwa kujaribu kumuuza Mkenya mwenzake mwenye ualbino, aliyemvusha mpaka kwa kumdanganya kwamba kuna kazi. Kijana mzima, aliwekewa bei. Ndiyo maana bro akiskia hilo neno anashuka kituo kinachofuata hata kama ni mbali, na ndiyo maana mathe humpigia simu saa kumi na moja na nusu kila jioni. Wasee wa mat, wengi mnanisoma. Sasa mnajua.

Mmeniuliza kwa faragha kama nitapimwa. Sijaamua. Mchumba anasema yuko tayari tukipimwa wote wawili, na siku tukienda tutakwenda kwa sababu tunataka kujua, kwa sababu ukijua mapema unaandaa kofia, daktari wa macho na kiti cha mbele kabla mtoto hajaanza shule. Cheti cha kuonyesha kwenye posa sitatafuta. Shangazi nimemwambia hivyo, kwa heshima, na yeye akaniambia atamwuliza kakake mkubwa kama anakumbuka mtoto mmoja wa zamani wa kwao, aliyefichwa ndani na hakuwahi kuongelewa. Nilikaa kimya nikimskiliza. Hiyo habari, kama ni ya kweli, inapandisha hesabu yangu, na bado nilifurahi kwamba ameisema.

Walikuja, walikula, mahari imeongelewa. Harusi ni Desemba. Ubishi uliobaki ni wa hema: mchumba anataka bustani wazi kwa sababu ya picha, mimi nataka hema kubwa na shughuli ianze saa kumi, jua likiwa limelegea. Bro ndiye msimamizi, na yeye anasema hataki hema la kumfunika kama gari jipya, anunuliwe tu kofia kali. Ameshachagua rangi. Ni ya zambarau, na hatutamkubalia.